Wimbo Ukikatizwa: Haki ya Msikilizaji Kando ya Ziwa

Mwaka 2011 kondakta Iván Fischer alipanda jukwaa la Royal Albert Hall, London, akiwa na Budapest Festival Orchestra lakini bila programu. Wasikilizaji walikuwa na orodha ya mamia ya vipande. Wao ndio walioamua kipi kipigwe, na karatasi za muziki zikaletwa kwa wapigaji papo hapo. Ni wazo linalozifaa hasa okestra ndogo za nyuzi, za fidla, selo na besi, zinazozunguka mji hadi mji na kukutana na watu wapya kila jioni. Wapo wanaolisifu kwamba linaondoa ukuta kati ya jukwaa na viti. Wapo pia wanaoona kwamba kumkabidhi msikilizaji programu ni kumpokonya mwanamuziki kazi aliyoisomea tangu utotoni. Mabishano hayo huendeshwa kana kwamba ni mapya, na kana kwamba ni ya kumbi za Ulaya pekee. Kisumu yana umri mrefu zaidi, na ushahidi wake ni mwingi zaidi. Kuanzia Siaya hadi Homa Bay na Migori, kando ya Ziwa Victoria, msikilizaji amekuwa na mkono ndani ya muziki wa nyuzi kwa vizazi, na tunaweza kuona mkono huo umejenga nini na umeharibu nini.

Nikiutazama ushahidi huo, naona kwamba kura inayopigwa kabla ya muziki kuanza ni haki finyu sana. Kuchagua jina la kipande kwenye orodha, kisha kukaa kimya dakika arobaini, ni kuchagua mara moja tu. Msikilizaji wa kando ya ziwa alizoea haki pana zaidi: kuingia ndani ya wimbo ukiwa unapigwa, kuusimamisha, kuutia jina lake, kisha kudai ajibiwe. Kinachoupa uchaguzi huo thamani ni lile jibu. Mpigaji asipolazimika kujibu, uchaguzi wa msikilizaji ni agizo la dukani. Akilazimika, unakuwa sehemu ya utunzi.

Utaratibu wenyewe huitwa pakruok, na nyumba yake ya zamani ni nyatiti, kinubi cha Wajaluo. Mpigaji, yaani jathum, hukaa kwenye kigoda kifupi, chombo kimelazwa ubavu mbele yake. Nyuzi ni nane. Zamani zilikuwa za mishipa ya ng'ombe. Leo nyingi ni za nailoni, ule ule mshipi wa kuvulia samaki. Kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete nzito ya chuma ambayo hugonga nayo ubavu wa chombo, na njuga ziko mguuni, kwa hiyo mtu mmoja anabeba sauti, nyuzi na mdundo kwa pamoja. Anaanza wimbo. Katikati ya ubeti mtu ananyanyuka, anakuja mbele, anatoa pesa, na muziki unakoma au unabaki mdundo wa pete tu. Sasa ukumbi ni wake. Anajitaja: mtoto wa nani, wa ukoo gani, mjukuu wa mwanamke aliyeolewa kutoka wapi, rafiki wa nani, mwenye sifa zipi. Anajisifu kwa mafumbo, na anapimwa kwa ufundi wa mafumbo hayo. Akimaliza, jathum anarudi kwenye nyuzi na kuyabeba majina yale ndani ya wimbo. Kabla hajafika mbali, mwingine ameshasimama, pengine shemeji wa yule wa kwanza, pengine mshindani wake, naye anataka neno lake lisikike.

Mtu anayeona hapo fujo tu hajasikiliza vya kutosha. Kila katizo linambadilishia mpigaji kazi. Lazima akumbuke ukoo uliotajwa, ajue uhusiano wake na ukoo uliotajwa dakika kumi zilizopita, apime kama kumsifu huyu ni kumtukana yule, kisha atafute namna ya kuyaingiza yote katika mwendo wa nyuzi ambao hauruhusu kuchelewa. Washington Omondi, mmoja wa kamati iliyotunga wimbo wa taifa wa Kenya mwaka 1963, aliuandikia muziki wa nyatiti tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha London, na alikuwa na sababu nzuri ya kuuona kuwa mada inayotosha kazi ya kiwango hicho. Elimu ya jathum inahusu vidole na pia inahusu watu. Anayejua nyimbo mia moja lakini hajui nani ni nani katika boma lililomwalika hawezi kuimaliza jioni.

Pakruok haikubaki kwenye nyatiti. Ilihamia kwenye orutu, fidla ya uzi mmoja, ikaingia kwenye ngoma za ohangla, na ikapenya benga. Gitaa la benga lilijifunza kudonoa nyuzi moja moja kutoka nyatiti, na mashairi yake yakarithi tabia ya kujaa majina. Ukisikiliza D. O. Misiani na Shirati Jazz, George Ramogi, au Okatch Biggy na bendi yake ya Heka Heka, utakutana na watu waliotajwa kwa jina, kijiji na sifa, mmoja baada ya mwingine. Wengi wa watu hao hawakuwa mashuhuri popote nje ya wimbo. Ndivyo haki ya msikilizaji ilivyohamia kwenye santuri. Lakini kitu kimoja kilipotea njiani. Santuri ndogo ya benga ilikuwa na upande wa kwanza na upande wa pili, na majina yaliyoimbwa siku ya kurekodi yalibaki yale yale milele. Phares Oluoch Kanindo alizisambaza santuri za benga mbali kiasi kwamba Zimbabwe jina lake likawa jina la mtindo wa muziki. Msikilizaji wa Harare alizipenda bila kuwajua watu waliotajwa wala ugomvi uliofanya watajwe. Alipata muziki mtamu, ila mlango wa kuingilia ulikuwa umefungwa.

Radio ilijaribu kuufungua kidogo. Wakenya wa rika fulani wanazikumbuka kadi za salamu: unainunua dukani, unajaza majina ya ndugu na majirani, unataja wimbo, unaituma kwa posta Sauti ya Kenya, kisha unangoja wiki kadhaa. Naiheshimu sana taasisi hiyo. Kadi ya mchuuzi wa samaki wa Dunga ilikuwa na bei ile ile ya kadi ya mwalimu mkuu, na mtangazaji aliyasoma majina yote kwa sauti moja. Kama haki ya kuchagua ingekuwa ni kusikika tu, kadi ya salamu ingekuwa imeifikia. Ilichokosa ni mwanamuziki. Aliyerekodi wimbo hakujua ameombwa, na hakuna aliyemjibu mwombaji isipokuwa mtangazaji.

Pingamizi la kwanza dhidi ya kumwachia msikilizaji uchaguzi ni kwamba atachagua anachokijua, na muziki utadumaa. Ni pingamizi lenye uzito, na Uingereza wana ushahidi wake. Kituo cha redio cha Classic FM kimekuwa kikiendesha kura ya wasikilizaji kila mwaka tangu 1996, na nafasi ya kwanza imekuwa ikizunguka kati ya vipande vichache mno: konseto ya fidla ya Bruch katika miaka ya mwanzo, konseto ya pili ya piano ya Rachmaninov, na The Lark Ascending ya Vaughan Williams mara kwa mara. Muziki wa karne nzima umepita pembeni. Mtu akiniambia kwamba kura huleta matokeo hayo, sina la kubisha. Ninachobisha ni kudhani kwamba kura ndiyo namna pekee ya kuchagua.

Tazama kinachotokea jathum anapoombwa wimbo ule ule kwa mara ya elfu. Jina la wimbo ni lile lile, lakini aliyeuomba ni mwingine, ukoo wake ni mwingine, na wimbo unalazimika kunyooshwa, kukatwa na kujazwa upya ili umtoshe. Marudio yanakuwa ndiyo nafasi ya utunzi. Wala si jambo la Wajaluo peke yao: muziki wote uliokua kwa kuombwa, kuanzia ngoma za harusi hadi rumba, umetanuka kwa njia hiyo, kwa kuwa mwombaji alikuwa mbele ya mpigaji na mpigaji alimwona usoni. Kinachodumaza muziki ni kuombwa na umati usio na uso, halafu kuutimizia ombi kama lilivyo. Kwa hiyo jibu la hofu ya kudumaa ni kumleta msikilizaji karibu zaidi. Kumsogeza mbali na uchaguzi hakutibu kitu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na hapa sitaki kuitetea pakruok kupita inavyostahili. Haki hii hununuliwa. Anayetoa noti husimamisha muziki. Asiyekuwa nayo husikiliza sifa za wenzake. Mwenye nyingi anaweza kuukalia wimbo, na mwanasiasa akiingia ukumbini na wapambe, jioni nzima inaweza kugeuka mkutano wa kampeni wenye magitaa. Uovu wa mwisho wa njia hiyo umeonekana katika disko matanga, zile ngoma za usiku kwenye vilio ambapo mnada wa nyimbo, wa nani acheze na nani aketi, umewekwa kwa jina la kuchangia mazishi. Mahali pengine mnada huo umevuka wimbo ukafika kwa wasichana wenyewe, na watoto wa shule wameumizwa. Machifu na maafisa wa serikali wamezipiga marufuku ngoma hizo mara kwa mara katika kaunti za Nyanza na magharibi, na wamefanya vyema. Mtu yeyote anayesifu ushiriki wa hadhira bila kutaja hilo anaeleza nusu ya habari.

Hata hivyo, pesa haijafanikiwa kumnunua kila mwanamuziki. Misiani aliishi kwa pesa za watu waliotaka kutajwa, na bado aliimba mafumbo ya wanyama na ya Biblia yaliyowaudhi watawala hata akatiwa mbaroni. Alipokufa katika ajali ya barabarani Kisumu, Mei 2006, hakuna aliyemzika kama mpiga debe wa tajiri fulani. Nadhani kilichomlinda ni wingi wa wafadhili wake. Mwanamuziki anayelishwa na mamia ya noti ndogo ana uhuru kuliko anayelishwa na hundi moja kubwa. Okestra za Ulaya, ambazo huitazama noti ya pakruok kwa mashaka, huishi kwa ruzuku za serikali na fedha za makampuni, na wafadhili hao wana neno lao katika programu, ingawa hulisema ofisini, mbali na masikio ya wengine. Kando ya ziwa anayelipia husimama mbele ya wote akasema anataka nini, na jirani yake ana haki ya kusimama na kumpinga. Ninapendelea uwazi huo, mradi bei iwe na mpaka.

Pingamizi la tatu huletwa na wanamuziki wenyewe, hasa waliosomea muziki wa kuandikwa. Nyatiti inaweza kukatizwa, wanasema, kwa kuwa ni mtu mmoja na wimbo wake hauna mwisho uliopangwa. Okestra ya fidla ishirini na selo sita inayofuata karatasi haiwezi kusimama kila mtu anapotaka kumtaja mama mkwe. Ugumu huo ni wa kweli, lakini historia ya muziki wao wenyewe haiuungi mkono kwa kiasi wanachofikiri. Vienna, Mei 1786, watu waliodai marudio ya vipande vya Ndoa ya Figaro ya Mozart walikuwa wengi kiasi cha kumfanya Kaisari Joseph II aagize kwamba vipande vya waimbaji zaidi ya mmoja visirudiwe. Desemba 1813 simfoni ya saba ya Beethoven ilipopigwa kwa mara ya kwanza, hadhira ilidai sehemu ya pili irudiwe, ikarudiwa. Hadhira hiyo ilikuwa ikichagua ndani ya onyesho, kwa kelele zake, na hakuna anayesema kwamba iliwadhuru Mozart na Beethoven. Ukimya wa ukumbi na programu isiyoguswa ni desturi iliyokomaa baadaye, katika karne ya 19, nayo ni desturi kama desturi nyingine.

Ushahidi wa karibu zaidi uko Zanzibar. Nadi Ikhwan Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club ni okestra za nyuzi kwa maana kamili: safu ya fidla, selo, besi, udi na kanuni, wapigaji wamekaa kwa mpangilio, muziki umefanyiwa mazoezi. Hapo hapo hadhira inatunza. Mwanamke anasikia ubeti unaogusa jambo lake, la mume, la jirani, la mshindani, ananyanyuka na kanga au gauni lake zuri, anasogea taratibu kwa mwendo wa wimbo hadi mbele, anaweka noti mkononi mwa mwimbaji, na ukumbi mzima unajua ubeti ule sasa ni wa nani. Okestra haikosi pigo hata moja. Mwimbaji anaweza kuurudia ubeti, na fidla zinamfuata. Basi muziki uliopangwa kwa wapigaji wengi unaweza kumpa msikilizaji nafasi ndani yake, ilimradi utungwe ukiwa na milango: beti zinazorudika, vipande vya kati vinavyonyooshwa, kiongozi anayeutazama ukumbi. Karatasi haizuii. Kinachozuia ni kutozoea.

Kuna upande mmoja ambao watetezi wa ushiriki huuruka upesi. Upo muziki unaohitaji kuachwa. Ayub Ogada alichukua nyatiti akaipeleka katika kumbi za Ulaya, na albamu yake ya En Mana Kuoyo ya mwaka 1993 ina upole ambao pakruok ingeuvunja vipande vipande. Hadhira iliyonyamaza ilimpa nafasi ya kupunguza, kupiga nyuzi mbili pale ambapo sherehe ingedai nane, na mtindo huo umewapa vijana wa nyatiti njia ambayo wazee wao hawakuwa nayo. Alifariki Nyahera, Kisumu, Februari 2019, na sidhani kuna mtu anayepaswa kuchagua kati ya njia yake na ya jathum wa matanga. Ila tukumbuke kwamba ukimya wake ulikuwa na maana kwa sababu nyuma yake kulikuwa na chombo kilichojengwa kwa mazungumzo. Mtoto wa Kisumu anayefundishwa ukimya peke yake, tangu siku ya kwanza anaposhika fidla, hapati kitu cha kunyamazia.

Na hivyo ndivyo tunavyofundisha kwa sehemu kubwa. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, limefanya kazi ambayo hakuna taasisi nyingine imeifanya: kila mwaka maelfu ya wanafunzi huimba na kupiga vyombo, na nyatiti na orutu zimepata nafasi jukwaani pamoja na fidla. Lakini nyimbo nyingi huteuliwa mbali na darasa, muda umewekwa kwa dakika, na anayesikiliza kwa makini kuliko wote ni mwamuzi mwenye kalamu. Mpigaji wa nyatiti wa shule ya sekondari anaweza kushinda daraja zote hadi taifa bila kukatizwa na mtu hata mara moja, yaani bila kufanya kile ambacho chombo chake kilitengenezwa kukifanya. Ningependa kuona mashindano ambamo mtu ananyanyuka katikati ya wimbo na kumtajia kijana majina matatu ya ukoo, na alama zinatolewa kwa namna atakavyoyapokea. Idara ya muziki ya Chuo Kikuu cha Maseno iko kilomita 25 hivi kutoka Kisumu mjini, na wataalamu wa kuandika kanuni za shindano la aina hiyo wamo humo.

Okestra ya nyuzi itakayozunguka kandokando ya ziwa, iwe ya Nairobi au ya ng'ambo, basi isije Kisumu na karatasi ya kura ikadhani imeleta zawadi ya uhuru. Ije na vipande vichache vyenye milango. Mmoja wa wapigaji wake akae na jathum wiki nzima kabla ya onyesho, na jathum huyo alipwe sawa na mpigaji fidla wa kwanza, kwa kuwa ndiye atakayejua anayesimama ni nani na ajibiweje. Nusu ya jioni ibaki ya kusikiliza kwa utulivu, na ielezwe wazi kwamba ni ya utulivu, ili anayetaka kuzungumza ajue zamu yake ipo. Katika nusu ya pili anayetaka kuingia aingie: fidla zishuke hadi sauti ya chini, aseme, selo ichukue mwendo wa maneno yake, kisha wote warudi. Bei iwe moja, iandikwe mlangoni, na mwenye shilingi mia asikatizwe na mwenye elfu kumi kabla hajamaliza majina yake.